Digrii Mia Tatu na Kumi na Mbili

Mdogo wangu aliingia gereji saa mbili asubuhi bila hodi, akasimama mbele ya gari nililokuwa nimelifungua boneti, akasema, "Dada, leo saa kumi wanampeleka polisi."

Sikuuliza nani. Kwa miezi mitano mumewe alikuwa hatajwi mbele yangu, na mdogo wangu alijitahidi asimtaje, maana anaujua mdomo wangu. Watu wananiita Mama Waya kwa sababu ya kazi yangu, umeme wa magari, ila wapo wanaosema ni kwa sababu nikiguswa tu napiga shoti. Sikatai. Hasira zangu nimezaliwa nazo, sikuziazima kwa mtu.

"Kwa lile la bibi?" nikauliza.

"Kwa lile la bibi."

Lile la bibi kila mtu alikuwa amelisikia. Shemeji ni dereva wa kampuni inayowachukua wagonjwa wa figo majumbani kwao na kuwapeleka hospitali kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki. Gari lenyewe ni la dizeli, la viti kumi na vinne. Wiki moja kabla, kiti cha nyuma kabisa alikaa bibi mmoja mwenye sukari, ambaye nyayo zake zilikwisha kufa ganzi miaka mingi. Chini ya kiti kile, upande wa nje, ndipo linapokaa chujio la moshi. Njiani chujio likapata joto lisilo la kawaida, bati la sakafu likawa kama kikaango, mpira wa sakafu ukaanza kuyeyuka. Bibi hakusikia kitu. Alikuwa anapiga soga na mwenzake. Walipofika na kumnyanyua, kandambili moja ilibaki imeganda sakafuni pamoja na ngozi ya unyayo. Madaktari wamekata vidole vitatu, na walikuwa bado hawajasema kama wataishia hapo.

"Wanasema taa ya hatari iliwaka, yeye akaipuuza," mdogo wangu akasema. "Wanasema gari lile haliwezi kufika joto lile bila kumwonya dereva. Kwa hiyo ni uzembe, na mtu ameumia. Kazi hana, leseni hana, na wakimfunga, dada, mimi na watoto..." Hakumaliza.

"Mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi. Kila akiulizwa anajibu, andikeni mnavyotaka. Hata mimi mkewe haniambii. Nenda ukalipime hilo gari, dada. Nimemlilia msimamizi wa yadi mpaka amekubali. Amekupa mpaka saa nane."

Ningependa kusema nilikwenda kwa upendo. Nilikwenda huku moyoni nachekelea. Miezi mitano nilikuwa naisubiri siku ambayo shemeji atanihitaji, na hii hapa imekuja yenyewe mpaka mlangoni. Nikafuta mikono, nikachukua mashine yangu ya kupimia, nikafunga gereji.

Ugomvi wetu ulianza na utani. Mashemeji hutaniana, hilo linajulikana, na mimi na yeye tulikuwa hatuna mpinzani. Lakini Jumapili ile, kwao, nyumba imejaa wageni, alisimama akasema, "Huyu shemeji yangu mpelekee redio iliyokufa. Atakurudishia inaongea vizuri, ila inasoma habari za jana." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kati yao alikuwemo mtu mwenye magari sita ambaye wiki ile alikuwa ananiahidi kunipa yote niyahudumie. Naye alicheka. Magari hakuyaleta tena, na mpaka leo sijui kama ni kwa ajili ya ule utani au ya mambo yake. Nikainuka nikaacha sahani yangu pale pale, na nyuma yangu nikamsikia shemeji anasema, "Ah, siku hizi shemeji hana kifua." Basi nikamsusa. Naye akanisusa. Nikapata habari kwa watu kwamba amejipatia fundi mwingine, fundi mwenye adabu zake. Nikasema aende salama.

Gari lilikuwa kwenye kona ya yadi, limefungwa utepe wa plastiki pande zote, halijaguswa wiki nzima. Msimamizi ni mwanamume mfupi mwenye rundo la funguo kiunoni, na alinifuata nyuma hatua kwa hatua kana kwamba nitaondoka na magurudumu. Nilimwambia asiliwashe. Gari lililopata joto bombani huliwashi kwanza. Unalisikiliza likiwa baridi, likuambie uongo wake kabla halijapata moto wa kujifichia.

"Uongo gani?" akauliza.

"Utauona."

Nikachomeka mashine chini ya usukani, nikazungusha ufunguo nusu, dashibodi ikawaka, injini kimya. Nikaomba orodha ya makosa. Mashine ikafikiri, ikajibu hakuna kosa hata moja.

"Unaona," msimamizi akasema. "Gari zima. Ubovu uko kwa dereva."

"Gari lililounguza sakafu yake lenyewe, halafu linasema halina kosa, hilo unaliita zima?"

Nikalala chini, nikaingia uvunguni. Kwa asiyejua, lile chujio kazi yake ni kukamata masizi ya dizeli yasitoke hewani. Likijaa, kompyuta ya gari inaongeza dizeli kidogo ili moshi upande joto mpaka digrii mia sita hivi, masizi yaungue, chujio lipumue. Gari linafanya hivyo lenyewe barabarani, dereva hajui wala abiria hajui. Ni moto wa makusudi, na moto wa makusudi unataka mwangalizi. Waangalizi ni sensa za joto, tatu kwa gari lile, zimepangwa kwenye bomba. Zikisema joto limetosha, kompyuta inaacha kumwaga dizeli. Ile ya kati ikisema limezidi, inawasha taa na kuzima zoezi.

Nilitafuta oili kwenye mpira wa turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, kwa sababu turbo inayopitisha oili huliwasha chujio kama kibatari. Pakavu. Nikatazama bati la kukinga joto, lipo, limegeuka rangi ya buluu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Bomba halijapasuka. Nilianza kuzifikiria nozeli zinazopuliza dizeli, labda moja inavuja, na nozeli huzipimi bila kuwasha injini, na injini sikutaka kuiwasha. Nikatoka uvunguni nikasema ngoja nisome sensa kwanza.

Hili ndilo jambo la kwanza nililofundishwa na la mwisho nitakalosahau. Gari likilala, sensa zote za joto zinatakiwa kuamka na namba moja, joto la asubuhi ile. Huhitaji akili nyingi. Kitu kilicholala kivulini wiki nzima hakiwezi kuwa na sehemu moja ya moto.

Sensa ya kwanza ikasoma ishirini na nne. Ya tatu ikasoma ishirini na tano. Ya kati, ile inayokaa mdomoni mwa chujio, ikasoma mia tatu na kumi na mbili.

Niliitazama namba ile, nayo ikanitazama. Haikupanda wala haikushuka. Nikashika mlango wa gari.

"Umeona nini?" msimamizi akauliza.

"Bado natazama."

"Mbona umebadilika?"

"Njaa," nikasema.

Haikuwa njaa. Namba ile niliijua. Niliichagua mimi.

Alhamisi moja, siku tatu kabla ya utani ule, shemeji aliniletea gari hili hili. Taa imewaka, gari limeishiwa nguvu, linatambaa, na kesho yake alikuwa na wagonjwa kumi na wawili wa kubeba. Nikakuta sensa ya kati imekufa. Muuza vipuri akaniambia mpya itafika Jumatatu au Jumanne. Nikafanya wanachofanya mafundi wote wakibanwa, na asiyewahi kukifanya anirushie jiwe: nikaacha sensa iliyokufa pale pale, nikakata waya wake, na kwenye plagi nikatia rezista, kidude kidogo kama punje ya mchele. Kazi yake ni kuiambia kompyuta joto ni mia tatu na kumi na mbili, sasa na daima. Ni namba ya mtu mpole. Si baridi ya kutia shaka, si moto wa kutisha. Taa ikazimika, gari likapata nguvu, shemeji akacheka akaniita daktari. Nikamwambia, "Taa haitakusumbua, lakini Jumatatu urudi bila kukosa." Sikumwambia kwamba gari halina tena mtu wa kuangalia moto mlangoni mwa chujio. Nilidhani ni siku nne tu, nitamtia hofu ya bure.

Jumatatu hakuja. Sensa mpya ilifika Jumanne, na hasira zangu zilikuwa bado za moto. Nikaitia kwenye droo ndani ya boksi lake. Kila nikitafuta bisibisi naisogeza pembeni, na kila nikiisogeza nasema aje mwenyewe. Baadaye niliposikia ana fundi mwingine, nikajiambia huyo fundi mwenye adabu atakuwa ameliona, ameshaliondoa, mambo yamekwisha. Nilijiambia tu. Kumuuliza mtu nisingeweza, maana kuuliza ni kuanza kusema naye. Kisebusebu na kiroho papo: simtaki, na kila gari la dizeli likikata kona nageuza shingo.

Nikarudi uvunguni. Ilikuwepo. Tepu ya njano, imezungushwa mara mbili, imekatwa mshazari, kwa sababu mimi hukata tepu kwa meno ya pembeni tangu lile la mbele livunjike. Fundi yeyote aliyewahi kufanya kazi na mimi angeijua kwa kuitazama tu. Nililala pale chali, uso wangu shubiri moja kutoka kwenye kazi ya mikono yangu, nikasikia funguo za msimamizi zikigongana juu.

Nitasema na hili, ingawa linaniaibisha. Nilikuwa na koleo mfukoni. Kukata, kutia kinywani, kutoka. Niliwaza hivyo kwa muda usiopungua dakika nzima. Lakini bila ile rezista, hadithi inabaki kwamba sensa ilikufa, na sensa ikifa peke yake taa huwaka, na kama taa iliwaka basi shemeji aliiona na kuipuuza, na anafungwa. Kitu pekee duniani kinachoeleza kwa nini taa haikuwaka kilikuwa ndani ya tepu yangu. Cha kumtoa yeye ndicho cha kunitia mimi. Koleo nikaliacha pale pale mfukoni.

"Saa nane hii," msimamizi akasema nilipotoka.

"Nitasema saa kumi, mbele ya wote. Gari lisiwashwe, na mtu asiingie chini."

Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, mikono mapajani. Aliponiona akasimama. "Umepata?"

"Nimepata."

"Kitamwokoa?"

"Kitamwokoa."

Akanikumbatia hapo hapo na ovaroli langu chafu, akalia kwa furaha, akasema alijua, alijua tu dada yake hawezi kumwacha. Akasema mumewe akitoka salama atatukalisha wote wawili, tupende tusipende, tupatane. Nilimwacha aseme. Yaliyobaki sikumweleza.

Saa kumi tuliingia. Chumba kidogo, meza, feni inayozunguka na kelele. Meneja alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imening'inia shingoni, sauti ya chini. Msimamizi alisimama dirishani. Karibu na ukuta alikaa binti wa bibi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkoba magotini, hakumsalimia mtu. Na upande wa pili alikaa shemeji. Alikuwa amekonda. Shati lilimpwaya mabegani, na nywele zilikuwa nyeupe kuliko nilivyozikumbuka. Hakunitazama.

Meneja akavaa miwani. "Dereva ameandika maelezo yake mchana huu na kutia sahihi. Nayasoma kabla hayajaenda polisi." Akasoma. "Taa nyekundu iliwaka tulipopita darajani. Niliiona. Niliendelea kwa sababu wagonjwa walikuwa wanachelewa. Sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe."

"Mwongo," nikasema.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia baada ya miezi mitano. Likatoka lenyewe.

"Shemeji, nyamaza," akasema, bado anatazama sakafu.

"Sinyamazi. Taa haikuwaka."

"Iliwaka."

"Haikuwaka, na unajua haikuwaka, na unajua kwa nini."

Hapo akaniinulia macho, na nikaelewa. Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza. Alhamisi ile nilimwambia taa haitamsumbua, na haikumsumbua. Akasogea karibu, akanong'ona kwa haraka, akidhani wengine hawasikii. "Mimi nikienda ndani, wewe utawalisha. Gereji yako ikifungwa, nani atawalisha? Kaa kimya, nakuomba." Kumbe miaka yote ile ya kunitania alikuwa ananihesabu kuwa nguzo ya nyumba yake, na hakuwahi kunitamkia. Nilitaka kumpiga kibao na nilitaka kulia, yote kwa pamoja. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila bibi hakuwemo ndani yake.

"Twendeni kwenye gari," nikamwambia meneja. "Si mbali. Mje wote."

Tukatoka. Mdogo wangu akatufuata kwa nyuma, uso bado una tabasamu. Nikazungusha ufunguo nusu, nikaiweka mashine juu ya kiti mlango ukiwa wazi, waione. Halafu nikamgeukia binti wa bibi, kwa sababu nilihisi yeye ndiye mwenye haki ya kushika.

"Dada, inama kidogo. Shika bomba hili la moshi. Usiogope."

Alinitazama kwanza. Akaweka mkoba chini, akachuchumaa, akapeleka mkono taratibu, akaugusisha, kisha akaushika kwa kiganja chote.

"Lina joto?"

"La baridi."

"Njoo usome hapa. Mstari wa kati."

Akasoma kwa sauti. "Mia tatu na kumi na mbili."

"Hiyo ndiyo namba gari hili linayoijua," nikasema. "Liwe limelala, liwe linaungua, linajua hiyo tu. Siku ile lilipoanza kuchoma masizi, liliendelea kumwaga dizeli, kwa sababu liliona joto bado halijatosha. Lingefika digrii elfu moja lingeona halijatosha. Taa haikuwaka kwa sababu haikuwa na cha kuiwasha. Dereva hakuona kitu. Hakuna dereva duniani ambaye angeona kitu."

Meneja akavua miwani. "Na sensa ya tatu?"

"Inakaa nyuma ya chujio, na hiyo haiwashi taa. Joto likifika kule, la sakafuni limeshafanya kazi yake. Lilipofika, kompyuta ilipunguza nguvu kidogo. Dereva angedhani ni mlima."

"Nilidhani ni mlima," shemeji akasema polepole.

"Nani aliifanya sensa ikawa hivi?" meneja akauliza.

"Fundi mmoja," shemeji akadakia. "Alihama. Simjui alipo."

"Mimi," nikasema.

Sikumtazama mdogo wangu. Nilisikia tu pumzi yake ikikatika. Nikaeleza yote, Alhamisi, rezista, sensa iliyo kwenye droo, bila kupunguza. Nilipofika pale pa Jumatatu, shemeji akanikata. "Aliniambia nirudi. Mimi ndiye niliyekataa kurudi. Aliniambia bila kukosa, nikasema siendi kwake mpaka aniite. Na yule fundi mwingine alinibadilishia oili tu, sikumwambia kitu. Iandikwe hivyo."

"Iandikwe kwamba sikumwambia kuna hatari," nikasema. "Yeye alijua taa. Moto hakuujua."

"Angeniambia kama ningekwenda."

"Ningekupigia kama nisingekuwa mjinga."

"Basi," meneja akasema. Akayakunja yale maelezo yaliyotiwa sahihi, akayararua mara mbili. "Haya hayaendi popote. Nitaandika mengine na yatakuwa na majina mawili. Dereva, habari ya kupuuza taa imekwisha, polisi nitawaambia hivyo mwenyewe. Wewe mama, utakwenda leo kutoa maelezo yako, na gereji, sitakudanganya, wataifunga kwanza ndipo waulize."

Nikasema sawa. Nilitegemea kuumia zaidi, na mahali fulani nilikuwa naumia, ila kulikuwa na kitu kama mzigo uliotua. Shemeji amepona. Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilishaanza hata kujiona mtu mwema kidogo.

Binti wa bibi alikuwa bado amesimama karibu na bomba. Akajifuta masizi ya kiganjani kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Naomba kuuliza," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ulijua sensa mpya imefika?"

"Nilijua."

"Na wewe, dereva, ulijua kuna sensa inayosubiriwa?"

"Nilijua," shemeji akasema.

"Kwa nini hukumpigia simu?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Nikasema, "Tulikuwa hatusemezani."

"Namba yake hukuwa nayo?"

"Ninayo."

"Anakaa mbali na wewe?"

Nikatazama mashine. Shemeji ndiye aliyejibu.

"Mlango wa tatu kutoka kwake."

"Na gari hulala wapi?"

"Kwangu. Nje ya mlango."

Akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo ukienda kazini asubuhi unalipita."

"Nalipita," nikasema.

"Miezi mitano."

"Mitano na siku nne."

Mdogo wangu alikuwa amekaa chini kwenye ngazi ya gari, mikono usoni. Msimamizi alikuwa ameacha kuchezea funguo. Nilingoja yule binti anitukane. Nilitaka anitukane, matusi nayajua, najua pa kuyaweka. Aliokota mkoba wake, akauning'iniza begani, akaifunga zipu.

"Naenda wodini, saa ya kuona wagonjwa inaisha," akasema. "Mama ataniuliza ni kitu gani kimemchoma. Tangu juzi anauliza hilo tu, maana hakusikia. Nimwambieje?"

Alitungoja tumjibu. Mimi, ninayejulikana kwa kujibu kabla sijaulizwa, nikainama kuchomoa mashine.

"Basi nitamwambia mlinuniana," akasema, akaondoka kuelekea lango la yadi.